Akisoloti wa Bwana wa Labo

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi kwenye foleni ya maji, nikiwa na madumu yangu mawili, nikiwasikiliza watu wakigombana nani alitangulia kufika. Mama mmoja anayeuza mikate sokoni Kikula alinigeukia akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ulisikia? Ule muzee wa labo alikufa jana. Ule wa Soloti." Alipolitamka neno hilo la mwisho alijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Nikamuuliza amekufa kwa nini. "Tumbo. Balimupeleka ku hôpital, dawa hapana, balimurudisha." Mwanamume aliyekuwa mbele yetu akauliza kilio kiko wapi, akaelekezwa, akatikisa kichwa: "Minye sitaenda kule. Niko na batoto badogo mu nyumba." Foleni ikasonga hatua moja, nasi tukasonga nayo. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnanijua, mimi si mtu wa kukosa la kusema, na wengi wenu hunicheka kwa hiki Kiswahili changu cha kitabuni ninachokibeba mpaka sokoni. Jumanne ile sikusema neno. Nilijaza madumu nikarudi nyumbani, na aibu niliyotembea nayo njiani ndiyo iliyonikalisha kuandika safu hii.

Alikuwa fundi wa maabara, labo kama tunavyosema hapa Likasi, na kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kupima mawe na maji na kuandika kilichomo. Mtu mrefu, mkavu, mwenye koti jeupe ambalo aliendelea kulivaa hata baada ya labo kufungwa. Alilifua mwenyewe kila Jumamosi na kulipiga pasi ya mkaa. Tulijuana kwa sababu ya safu hii. Siku moja alibisha hodi kwangu akiwa na gazeti, amepiga mstari mwekundu mahali nilipoandika kwamba shaba yetu inashika kutu. "Mwalimu, kutu ni ya chuma," akaniambia kabla hata ya kukaa. "Cuivre haishikake kutu, inashikaka vert-de-gris, ile ya kijani. Bantu banasoma, usibadanganye." Tangu siku hiyo akawa ananisahihisha kila wiki, bure, na kwa ukali, nami nikawa naandika nikimwogopa yeye kuliko mhariri. Sitadai kwamba tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mtaona hapa chini kwa nini sina haki ya maneno hayo.

Mnyama wake, yule akisoloti, alimpata siku ya uporaji. Nyote mnaikumbuka siku ile, na wengi tungependa isikumbukwe sana, maana yako makochi katika nyumba zetu ambayo hatuelezi yalitoka wapi. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha biolojia, na ambaye labo ilikuwa ikimsaidia kwa dawa za kupimia, alikuwa anafunga mizigo aondoke na msafara wa magari. Wanyama wake wa kufundishia walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Akamwita bwana wa labo, akamkabidhi ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko kilichotobolewa, pamoja na kipimajoto. Siku ile mji mzima ulikuwa barabarani ukibeba: friji, magodoro, milango, nilimwona hata mtu na sinki la choo kichwani. Katikati ya watu hao wanaokimbia yeye alitembea polepole, ndoo ameikumbatia kwa mikono miwili, maji yasimwagike. Waliomwona wakajiambia kwamba mtu anayebeba kwa uangalifu namna ile amebeba dhahabu. Hakuna aliyefikiri kwamba yeye peke yake barabara nzima alikuwa amebeba kitu alichopewa.

Kwa asiyewahi kumwona, ni mnyama wa majini mrefu kidogo kuliko kiganja, mweupe wa kuelekea waridi, macho madogo meusi, mdomo mpana unaoonekana kucheka wakati wote. Ana miguu minne yenye vidole kama vya mtoto mchanga, na pembeni mwa shingo vishada vyekundu ambavyo ndivyo vya kupumulia. Asili yake ni Meksiko, katika maziwa ya baridi. Bwana wa labo alimtengenezea tangi sebuleni kwa vioo vya dirisha, akaweka chini mawe ya chokaa ya Kakontwe ili maji yasiwe makali. Joto la Oktoba lilipokuja alilivika tangi magunia yaliyoloweshwa na kusoma kipimajoto kila saa. Chakula chake kilikuwa minyoo, na mtu mzima mwenye diploma alionekana kila asubuhi akichimba minyoo nyuma ya jiko. Maji ya bomba yana dawa, kwa hiyo alikuwa akiyaacha siku nzima kwenye beseni lililofunikwa kabla ya kuyatia kwenye tangi. Mgeni akisogelea lile beseni husikia: "Angalia, usiiguse. Mayi inapumuzika." Jirani mmoja alilisikia hilo dirishani, akaenda kusema kwamba katika nyumba ile kuna kitu kimelala ndani ya beseni.

Aliyebeba maji hayo alikuwa mkewe, mwanamke mpole mwenye kwao Kambove. Alilalamika kidogo na kucheka zaidi. "Huyu kilulu inakunywaka mayi kupita bwana yangu," alikuwa akiniambia, huku anapangusa kioo kwa kitambaa safi. Hawakuwa na mtoto. Hawakuwa wakilizungumzia jambo hilo, nami sikuuliza.

Jumapili moja mchana tulikuwa sebuleni, tunakunywa chai isiyo na sukari, nikamuuliza mnyama wake atakua lini. "Mwalimu, huyu iko mutoto. Atabakia mutoto mupaka siku ya kufa." Akanieleza kwamba ni kama kiluwiluwi ambaye hakupata kuwa chura: anazeeka, anataga hata mayai, lakini hatoki majini. Nikauliza kwa nini. "Atoke juu ya nini? Mule mu mayi iko na yote." Na akilazimishwa kutoka? "Anaweza kutoka, anatembea inje. Lakini mara mingi anakufa mbio." Hapo ulimi ukaniwasha. Nikamwambia jina lenyewe ni kitenzi, watu wa Meksiko wametupa kitenzi bila kujua: akisoloti, nikisoloti, tukisoloti. Kusoloti, nikasema, ni kukaa ndani ya maji yako ukisubiri kuletewa. Si ndivyo tulivyolelewa katika mji huu? Nyumba ya kampuni, unga wa kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, na mwisho jeneza la kampuni. Sasa maji yanakauka na hakuna aliyetufundisha kutembea. Yule bwana asiye na mzaha alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani ajipanguse macho. "Ni kweli, Mwalimu! Tunasoloti! Shiye bote tunasoloti!" Kutoka jikoni nilimsikia mkewe naye anacheka.

Wiki iliyofuata nikaliweka neno hilo katika safu yangu, bila kusema nililipata nyumbani kwa nani. Hakuna nililopata kuandika likapendwa vile. Nilikuwa nikipita sokoni nasikia mtu akiulizwa hali anajibu, "Nasoloti tu, Mama." Makondakta wa malori walilisema, wachimbaji waliokuwa wakirudi Kambove na magunia walilisema. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha. Mwandishi wa safu anaweza kuishi maisha yake yote bila neno lake hata moja kuingia sokoni, na mimi langu lilikuwa limeingia na kukaa.

Lakini ile ilikuwa miaka ambayo kila miezi sita tulisema haiwezi kuwa mbaya kuliko hapa, na ikawa mbaya kuliko pale. Kazi zilikwisha, umeme ukawa wa kubahatisha, majirani zetu wengine wakafukuzwa mpaka kwenye kituo cha treni kwa sababu babu zao walizaliwa mkoa mwingine, na sisi tuliobaki tulitazama. Kaburi la mtoto likawa jambo la kila wiki. Watu wanapokufa namna hiyo, neno la kucheka halibaki la kucheka. Sijui ni nani wa kwanza, lakini katika kikundi kimoja cha maombi cha mtaa wetu walianza kukemea pepo mpya. Walimwita Soloti. Walisema ndiye anayefunga kazi za wanaume na matumbo ya wanawake. Hawakulitoa gazetini, wengi wao hawajawahi kunisoma. Walilisikia njiani tu, wakaona mtu anataabika na kusema "nasoloti", wakadhani anamtaja anayemtesa. Baadaye ndipo mtu akakumbuka kwamba nyumbani kwa bwana wa labo kuna mnyama mweupe mwenye vidole, na kwamba mwenyewe humwita kwa jina hilo.

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe. Mnyama alibanwa na jiwe akapoteza mguu, na mguu ukaota upya baada ya wiki kadhaa, ndivyo walivyo wanyama hao. Jirani wa dirishani aliona mitatu, kisha akaona minne. Ile ndoo ya siku ya uporaji ikakumbukwa. Yale maji yanayopumzika yakakumbukwa. Na huu ni mji ambao kila baa ina picha ya mamba muntu ukutani, yule mwanamke nusu samaki anayempa mwanamume mali na kumnyima watoto. Wakasema kile cheupe ni mtoto wa mamba muntu, na kwamba bwana wa labo amewauza majini watoto ambao mkewe angezaa. Mali yenyewe iko wapi, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikula kwake mara nyingi: bukari, huo ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo isiyo na mafuta.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, nikaitwa nyumbani kwake. Sebuleni walikuwapo kaka wawili wa mkewe waliotoka Kambove, mtumishi wa Mungu anayeongoza kile kikundi cha maombi, na majirani waliojaa mlangoni. Mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Kaka mkubwa alisema bila ukali, na hilo ndilo lililotisha: "Shemeki, shiye hatukuje kupigana. Dada yetu iko mu hii nyumba miaka kumi na moja, mutoto hapana. Sasa bantu banasema. Ile nyama itoke, ao dada yetu atatoka." Bwana wa labo akaanza kueleza habari za Meksiko, za mayai, za viluwiluwi. Nilimwona anaeleza kama anavyonisahihisha mimi, kwa utaratibu, na niliona kwamba kila neno la Kifaransa analoongeza linawathibitishia wanachokiamini. Mtumishi wa Mungu alimwacha amalize. Kisha akauliza jambo moja tu: "Ile jina Soloti, nani aliipatia?"

Mtu wa mbali hataelewa uzito wa swali lile. Kwao, na tuseme kweli, kwetu sisi wengi, anayekipa kitu cha namna ile jina ndiye mwenye kukituma. Swali lilikuwa linatafuta mchawi. Na jibu lake lilikuwa limekaa kwenye kiti cha pili kutoka dirishani, limevaa shati langu na viatu vyangu. Ninao watoto sita. Mke wangu alikuwa akiimba kwenye kile kikundi, binti yangu mkubwa alikuwa abatizwe nao mwezi unaofuata. Niliogopa, nikawaona wanangu wakifukuzwa kwenye foleni ya maji, wakipigwa mawe. Nikatazama viatu vyangu. Nilipoinua macho bwana wa labo alikuwa ananiangalia, mara moja tu, kwa kifupi. Akaangalia upande wa jikoni, akatikisa mkono kidogo, kisha akajibu: "Minye."

"Weye mwenyewe?"

"Minye mwenyewe. Minye peke yangu."

Wakaamua mnyama akatupwe mtoni; aliomba ampeleke yeye mwenyewe, wakamkubalia. Nilimfuata, maana hata mimi sikuweza kubaki nimekaa. Ndoo ilikuwa ile ile ya rangi. Nyuma ya mtaa wetu kuna mto ambao kila mtu, mkubwa na mdogo, humwaga ndani yake kila asichokitaka, oili chafu, maji ya betri, hata sijui nini. Ukingoni alitoa mfukoni kikaratasi cha kupimia, akakichovya, akanionyesha. Kilikuwa kimegeuka chekundu, alama ya maji makali. "Ona, Mwalimu. Atakufa kabla ya shiye kufika ku nyumba." Nikamwambia tutafute mahali pengine. "Balisema ku muto. Beko banatuangalia." Ni kweli, juu kwenye njia walikuwa wamesimama watu wawili. Akainamisha ndoo polepole, maji ya tangi yakatangulia, kisha mnyama. Ndani ya maji yale ya kahawia alionekana mweupe sana, na ule mdomo wake wa kucheka haukubadilika. Alijikunja, akajikunjua, vile vishada vyekundu vikalala. Sitaandika zaidi.

Chini kidogo yetu mama mmoja alikuwa analoweka mihogo kwenye maji hayo hayo. Bwana wa labo alimpigia kelele, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akipaza sauti: "Mama! Toa mihogo mule! Ile mayi ni ya mubaya, itaua batoto!" Mama akageuka, akamtambua ni nani, akabeba beseni lake na kukimbia. Alimkimbia yeye, maji hakuyakimbia. Kesho yake alikuwa pale pale na mihogo yake.

Wale kaka walimchukua dada yao hata hivyo. Walisema akapumzike kidogo na kuombewa, na hakuruhusiwa kurudi. Bwana wa labo alibaki peke yake na tangi tupu, hakulivunja wala hakuligeuza meza. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilikaribia kukanyaga beseni lililofunikwa, akaniambia, bila kunitazama, "Angalia, mayi inapumuzika." Nikapunguza kwenda, kisha nikaacha. Yeye naye aliacha kunisahihisha. Nimeandika makosa mengi tangu wakati huo, na hakuna aliyebisha hodi. Nimewaza sana juu ya kazi yake. Tulikuwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutuambia ndani ya maji yetu kuna nini. Tulifunga labo yake, tukawa hatuna wa kutupimia, na tangu hapo tunapima kwa woga: tunaangalia nani hana mtoto, nani kavaa koti jeupe, nani anachimba minyoo asubuhi. Tulimtafuta muuaji kwenye tangi la kioo, yuko wazi, anaonekana pande zote nne, na huku tukiloweka mihogo yetu mtoni.

Jumatano nilikwenda kwenye kilio. Ninyi mnajua vilio vyetu, viti hujaa mpaka barabarani na watu wasiomjua marehemu huja kula. Pale nilikuta watu wasiojaza mikeka miwili. Hapakuwa na kwaya. Vijana wa mtaa walikuwa wamekataa kuchimba kaburi. Aliyelichimba ni yule shemeji yake mkubwa, nilimkuta ameketi kando, suruali imejaa udongo mwekundu. Mjane alikuwa mkekani na wanawake wawili wa kwao. Aliponiona alisogea, akanipa nafasi nikae. Kisha akasema taratibu:

"Mwalimu, ile siku mulikuwa munacheka, minye nilikuwa ku cuisine. Nilisikia. Weye ndjo ulisema ile neno."

"Ndiyo, Mama. Mimi."

"Siku ya réunion nilitaka kusema. Bwana yangu alinionyesha mukono, ninyamaze. Kabla bandugu yangu banibebe, nilimuuliza juu ya nini alikubali. Alisema: 'Mwalimu iko na batoto sita, batabatesa. Shiye hatuna mutoto ya kutesa.'"

Hakulia alipokuwa akisema, wala hakuniomba kitu. Alirudi kutazama mlango wa nyumba ambayo ilikuwa yake miaka kumi na moja, na ambayo majirani wanasema sasa ichomwe. Mimi ndiye niliyelia, na sikuona kwamba nina haki hata ya hilo.

Nimezoea kumalizia safu hii kwa kuwapa ninyi funzo. Leo mfundishwaji ni mimi. Nimejifunza kwamba mzaha ukishamuumiza mtu hauna budi kurudishwa kwa aliyeufanya, hata akiwa na watoto sita, na kwamba kunyamaza kwangu siku ile kulikuwa tendo, lilifanya kazi sebuleni mle kama mkono wa mtu. Kwa hiyo niseme wazi. Yule mnyama hakuwa pepo, alikuwa mnyama asiyevumilia joto, aliyependwa na watu wawili. Bwana wa labo hakumuuza mtoto wa mtu. Mjane wake ana haki ya kuingia katika nyumba yake na kutoka bila mtu kujifuta mdomo. Asubuhi ya leo, kabla ya kushika kalamu, niliwakusanya wanangu nikawaeleza yote. Mdogo akauliza kama watu watatufukuza, nikamwambia sijui. Na mtumishi wa Mungu, kama anasoma, au kama kuna anayemsomea, aje nyumbani kwangu, anapafahamu, aulize tena mbele ya watu lile swali lake la Jumamosi ile, nani alilitoa jina. Nitamjibu bila Kiswahili cha kitabuni. Minye.